Nyundo Amekaa Chini

Mpira ulikuwa mkononi mwa Nyundo, refa alikwisha kupiga filimbi, na wasichana wa upande wa pili wa wavu walikuwa wamekunja magoti wakisubiri. Nyundo akatupa jicho pembeni mwa kiwanja, pale baba yake aliposimama. Baba yake akavuta kola ya shati. Msichana akautazama mpira kwa muda, akauweka taratibu kwenye saruji, kisha naye akakaa chini kando yake, amekunja miguu, nyuma ya mstari wa kuanzishia.

Watu walidhani ameumia. Kocha alitoka mbio na chupa ya maji. Refa alishuka kwenye kiti chake kirefu akamwuliza kama ameteguka. Nyundo alikuwa na miaka kumi na minne, amekwisha kumpita mama yake kimo, na sauti alikuwa ameirithi kwa baba. Aliposema, walisikia hata waliokaa ngazi ya juu kabisa.

"Sijaumia. Siinuki mpaka baba yangu aondoke."

Alama ikaenda kwa wapinzani. Mnadi, maana ndivyo kila mtu alivyomwita baba huyo, kwanza aligeuka kutafuta ni baba yupi anayefukuzwa. Alipoona vichwa vyote vimemwelekea yeye, akacheka kidogo ili ionekane ni utani wa nyumbani. Hakuna aliyecheka naye. Lango la uwanja lilikuwa upande wa pili, kwa hiyo ilimbidi apite mbele ya mashabiki wote, mwanzo hadi mwisho wa ngazi, katika shati jeupe ambalo mkewe alilipiga pasi asubuhi ile. Kazi yake ilikuwa kunadi samani za watu waliohama, waliokufa na walioanguka kibiashara. Aibu aliijua vizuri, ila ilikuwa ya wengine. Nyuma yake akasikia filimbi, halafu makofi, na mchezo ukaendelea bila yeye.

*

Tuseme ukweli kabla ya kumhurumia. Wiki tatu kabla ya siku ile, kocha alimwita pembeni. Kocha alikuwa mwanamke fundi rangi, mwenye madoa kwenye kucha yasiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na alimweleza Mnadi kwa heshima zote kwamba timu ina kocha mmoja. Mnadi alikuwa na tabia ya kupiga kelele tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya mtu anayeuza kabati mbele ya watu mia bila kipaza sauti. Kocha akisema rudi nyuma, Mnadi anasema nenda mbele, na mtoto anabaki katikati hajui mguu upi aunyanyue. Kisha njia nzima ya kurudi nyumbani Mnadi alimsimulia binti yake mchezo aliotoka kuucheza, kosa kwa kosa, pamoja na yale ambayo angefanya yeye. Kocha alisema habari za njiani ni za familia. Lakini za kiwanjani ni zake, na Mnadi akifungua mdomo tena, Nyundo atakaa benchi. Mnadi akaapa kwamba hataufungua.

Na hakuufungua. Alitumia mikono.

Kwenye mnada, mnunuzi mzoefu hapigi kelele. Mmoja anagusa kofia, mwingine anakuna kidevu, mwingine anafumba jicho moja, na bei inapanda bila jirani yake kujua. Nyundo alikulia kwenye yadi ile. Jina lenyewe alilipata kwa kung'ang'ania nyundo ya baba yake angali anatambaa, na alipofika miaka sita alikuwa anasimama juu ya sanduku akimwonyesha baba nani amegusa kofia kule nyuma. Hakuna ishara iliyompita. Kwa hiyo Mnadi aliposhika sikio, binti alijua anaambiwa apige kulia. Alipokuna kidevu, apige mbali. Alipovuta kola, apige kwa nguvu zake zote. Hawakuwa wamepatana kabla. Baba alianza tu, mtoto akaelewa, na akishaelewa hana namna ya kujifanya hakuelewa. Mechi tatu zilichezwa hivyo. Kocha alishangaa mbona msichana hamwangalii tena, na Mnadi akajiona mjanja kupita kiasi. Aliambiwa afunge mdomo. Masikio na kola hakuna aliyevitaja.

*

Jioni ile alikuta fomu mezani, imebanwa na chupa ya chai. Fainali ingechezwa Jumamosi inayofuata, wateuzi wa timu ya vijana ya kanda wangekuja kutazama, na msichana asiye na fomu iliyosainiwa na mzazi jina lake lisingeandikwa kabisa. Mnadi aliisoma yote mbele na nyuma, akairudisha chini ya chupa.

"Sisaini," alisema. "Ameniaibisha mbele za watu, ataniomba radhi mbele za watu. Hapo ndipo nitashika kalamu."

Mkewe alikuwa dobi wa hoteli. Siku nzima husimama mbele ya pasi ya mvuke, na akirudi hukaa na miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka vifundo vipoe. Hakuishusha miguu. Alimwuliza tu kama yeye ameshamwomba kocha radhi kwa zile ishara. Mnadi akauliza ishara gani. Mkewe akashika sikio, akakuna kidevu, akavuta ukosi wa gauni lake, kisha akamkazia macho.

"Baba Nyundo, miaka kumi na saba nafua mashati yako. Kola za wanaume wengine huchakaa nyuma, kwa jasho. Yako imeanza kuchanika mbele, kwa vidole."

Nyundo akaitwa. Alikuja na jezi mkononi, inadondosha maji, akasimama mlangoni. Baba yake akayarudia masharti kwa sauti ya kazini, kila neno mahali pake. Msichana alisikiliza hadi mwisho, bila kukatiza wala kununa.

"Nakuomba radhi kwa kukutaja mbele ya watu wazima, Baba. Ningeweza kukuita pembeni kabla ya mechi, sikufanya hivyo, nimekosa," alisema. "Kwa kukaa chini siombi."

Mnadi akasema basi fomu italala hapo hapo. Nyundo akajibu kwa upole kwamba basi ilale, akatoka kwenda kuanika jezi. Mama yake alitazama pembeni ili mumewe asimwone anavyotabasamu. Alikuwa na hofu na fomu ile kuliko wote wawili, lakini moyoni alijisikia fahari, na fahari ikaishinda hofu.

*

Jumatatu habari ilifika yadi kabla ya Mnadi mwenyewe. Karani, mtu mfupi aliyeandika kila kilichouzwa na kila kilichosemwa, alimpokea kwa kumwuliza kama leo atanadi amesimama. Mnadi akapita kama hakusikia. Alipanda jukwaani akaanza na kitanda cha chuma, na alipofika "mara ya pili", muuza magodoro mmoja kule nyuma akakaa chini vumbini, amekunja miguu na mikono pia. Wawili wakamfuata. Yadi ikaangua kicheko, na Karani akaficha uso kwa daftari, mabega yakimcheza.

Mnadi alicheka nao, maana asiyecheka na wateja hauzi. Lakini kwa muda mfupi alimchukia binti yake, chuki ya kweli, na alipoitambua ikamwogopesha. Alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote. Ni kwa mapenzi hayo hayo hakuweza kusimama pembeni ya kiwanja akanyamaza.

Baada ya kitanda ilikuja cherehani ya miguu, nzima, yenye meza yake. Kijana mmoja wa mstari wa mbele aliitaka, ungeona kwa jinsi alivyoligusa gurudumu lake. Nyuma yake alisimama kaka yake mkubwa. Kila bei ilipopanda kijana aligeuka nyuma, akasoma uso wa kaka, ndipo akanyanyua mkono. Mara nne. Mara ya tano alichelewa kugeuka, na cherehani ikawa inamponyoka.

"Kijana," Mnadi akamwambia, sauti imejaa yadi nzima, "cherehani iko mbele yako. Huko nyuma unatafuta nini?"

Watu wakacheka. Kijana akaona haya, akainua mkono bila kumwangalia mtu. Mnadi alikuwa ameinua nyundo tayari, na ikabaki hewani. Karani alimngoja, akakohoa, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba mara ya tatu bado haijasemwa. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, hilo halikuwahi kutokea. Mnadi akaisema, akagonga, na cherehani ikaenda kwa kijana.

*

Jumatano kocha alipita kuchukua fomu. Alikuwa ametoka kazini, ovaroli limejaa rangi ya kijani, akakataa kiti asije akakichafua. Mnadi alimwamkia vizuri, akamsifia kazi yake ya ukuta wa zahanati, akazungumza juu ya joto, juu ya bei ya rangi, juu ya kila kitu isipokuwa karatasi iliyokuwa chini ya chupa ya chai. Nyundo alikaa kwenye mkeka akifunga plasta vidoleni.

Mama akashusha miguu kutoka kwenye ndoo. Akaondoa chupa, akavuta fomu, akafuta kwa kiganja duara la chai lililobaki juu yake, na kumwomba kocha kalamu.

"Imeandikwa mzazi," alisema. "Na mimi ni mzazi. Siku niliyomzaa naikumbuka vizuri, wewe ulikuwa mnadani."

"Mama Nyundo," Mnadi akaanza.

"Sijamaliza. Ningeweza kusaini jana jikoni, nikaificha kwenye mkoba, ukaja kusikia Jumamosi. Sikutaka. Nasaini mbele yako na mbele ya mgeni, ili usije ukasema umezungukwa." Akasaini, herufi kubwa, akamkabidhi kocha. "Haya. Karatasi imekwisha. Sasa tuzungumze kilichobaki, maana hicho hakina sahihi."

Kocha alitaka kuaga. Mama akamwomba avumilie kidogo. Mnadi alikuwa amevimba, mshipa wa shingo umemsimama, na huenda angesema maneno ambayo baadaye asingeweza kuyarudisha. Lakini Nyundo alikuwa amekwisha kuinuka kwenye mkeka.

"Sikusema sitaki uje, Baba. Nataka uje. Wenzangu wengine wazazi wao hawajui hata tunachezea wapi. Lakini ukija, uje kunitazama. Usije kucheza. Nikiwa na mpira mkononi nakuona wewe tu. Simwoni Kocha, siuoni wavu, sijui hata mimi mwenyewe nilitaka kupiga wapi. Nikishinda ni wewe umeshinda. Nikikosa nimekosa mimi. Jumamosi ukigusa sikio nitakaa chini tena. Wateuzi wakiwepo, wasiwepo, nitakaa."

"Utajiharibia fainali kwa sababu ya sikio?"

"Ndiyo, Baba."

Kocha alitazama madoa kwenye kucha zake. Mnadi alimwangalia binti yake kama anavyowaangalia wanunuzi, akitafuta mahali anapoweza kulegea, kwa sababu kila mnunuzi anapo. Hakupaona. Akachukua kofia akatoka nje, akakaa kizingitini mpaka kocha alipopita akiaga. Kocha alimwambia tutaonana Jumamosi. Mnadi akaitikia kwa kichwa tu.

*

Jumamosi alikuja. Alivaa fulana ya shingo ya mviringo, isiyo na kola, na mikono aliitia mifukoni tangu langoni. Alisimama pale pale anaposimama siku zote, maana kuhama kungekuwa kukubali kwamba alifukuzwa kihalali, na huko hakuwa amefika. Mkewe alikaa ngazi ya tatu. Karani naye alikuja, kwa vile kisa cha namna ile hakutaka kusimuliwa. Wateuzi wawili walikaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na ubao wa kuandikia magotini.

Seti ya kwanza timu ya Nyundo ilishinda. Mnadi alikaza meno hadi taya zikamuuma. Seti ya pili walipoteza, na hapo mashabiki wakaanza kumtafuta kwa macho. Mama mmoja mwenye mwavuli alisema kwa sauti kwamba zamani walikuwa na mtu wa kuwaamsha watoto, sasa amemeza nini. Karani akamkaribia akamnong'oneza kwamba namba tisa wa kule hawezi mipira mifupi, kila mtu anaona, amwambie mtoto basi, ishara moja tu, nani atajua.

"Niache, Karani," Mnadi akasema, midomo haikusogea.

"Lakini watapoteza."

"Watapoteza wao. Niache."

Seti ya tatu ilikwenda bega kwa bega mpaka wapinzani wakafika kumi na nne, na timu ya Nyundo kumi na tatu. Zamu ya kuanzisha ikaangukia kwa Nyundo. Mpira mmoja ukienda vibaya, fainali imekwisha. Alitembea hadi nyuma ya mstari, akaudunda mpira mara mbili, akaushika. Kisha, kwa mazoea ya miaka, akamtazama baba yake.

Mikono ya Mnadi ilikuwa mifukoni, lakini alihisi nyusi zikianza kupanda zenyewe. Alijua uso wake. Alijua pia kwamba mtoto yule alisoma nyuso za watu mia akiwa na miaka sita, na kwamba hata akisimama kama nguzo, Nyundo ataona kwenye pembe ya jicho lake ni wapi anataka mpira uende. Na alitaka. Alitaka mbele kushoto, kwa namba tisa, alitaka kwa mwili mzima. Refa akaweka filimbi mdomoni.

Mnadi akageuka. Alikipa kiwanja mgongo, akasimama akiwatazama mashabiki. Mwenye mwavuli alimshangaa kama mtu aliyevua nguo. Mkewe, ngazi ya tatu, aliweka mkono kifuani, akaacha kutazama mpira akamtazama yeye. Nyuma ya Mnadi filimbi ikalia. Akasikia kiganja kikiupiga mpira, akasikia viatu vikikwaruza saruji, akasikia mpira ukidunda mara moja. Aliishi kwa kusoma nyuso, na safari hii hakuweza kusoma hata mmoja. Kisha upande wa wapinzani ukalipuka kwa shangwe, na akajua.

Hakugeuka mara moja. Macho yalikuwa yamemjaa, na hakutaka Nyundo ayaone akadhani ni kwa ajili ya mpira.

*

Mteuzi mmoja alimfuata kocha akamwuliza nani alimwambia Nyundo, namba saba, apige pale, kwenye pembe kabisa, wakati kama ule. Kocha akasema hakuna aliyemwambia. Mteuzi akasema mm, akaandika kitu, akafunika ubao kwa mkono. Majina yangebandikwa baada ya siku mbili. Nyundo alipita karibu yao akielekea langoni na hakuwaangalia. Alikuwa amelia na amekwisha kunawa uso, na kichwa alikuwa amekinyanyua.

Baba yake alikuwa akimngoja langoni. Mama alisema ana haraka ya kuwahi zamu ya jioni, akatangulia akawaacha wawili, ingawa zamu ile ilikuwa bado saa nzima. Walitembea hatua kadhaa. Hapa ndipo Mnadi huanza kusimulia. Nyundo alikuwa ameshakaza mabega akisubiri.

"Ule wa mwisho sikuuona," Mnadi akasema. "Nisimulie."

Nyundo alimtazama kuhakikisha hatanii.

"Ulitoka nje. Vidole viwili tu, Baba. Nilitaka pembe ya nyuma kulia, kwa sababu yule wa kule alikuwa amesogea hatua moja, hakuna aliyemwona ila mimi. Kwa namba tisa kila mtu alikuwa anangoja nipige. Nikapiga pale nilipotaka." Akavuta pumzi. "Na kesho nikipewa mpira ule ule, napiga pale pale. Nitapunguza nguvu kidogo tu."

Akaanza tena tangu mwanzo, seti ya kwanza, mpira kwa mpira, akionyesha kwa mikono, akirudi nyuma kinyumenyume mbele ya baba yake ili aone vizuri jinsi alivyoruka. Watu waliwapisha njiani. Mnadi alisikiliza, mikono mifukoni, na aligundua kwamba nusu ya yale anayosimuliwa hakuwahi kuyaona, ijapokuwa hakuna mechi aliyoikosa. Walipofika kwenye ukuta wa zahanati, Nyundo akiwa katika seti ya pili, Mnadi akasahau.

"Hapo ungeru—"

Nyundo akanyamaza. Akaweka begi chini, akakaa chini kando yake, ukingoni mwa barabara, amekunja miguu, wapita njia wakimkwepa.

Mnadi akafunga mdomo. Akasubiri. Mtu aliyemfahamu akapita na kumwuliza kulikoni, naye akamjibu kwa mkono kwamba aende zake, binti anazungumza. Nyundo akainuka, akajipangusa vumbi, akaendelea pale pale alipoishia.